Mtoto, Talaka na Tiketi ya Unguja

Wazazi wakiachana hapa Samail, Omani, kesi ya mtoto hukatwa kwa Sheria ya Hali za Watu Binafsi ya mwaka 1997. Mama ndiye wa kwanza kupewa ulezi: mwana wa kiume hadi miaka 7, binti hadi abaleghe, ila kadhi akiona maslahi ya mtoto yako kwengine. Matumizi ni juu ya baba, hata kama mtoto analala kwa mama, ingawa wapo wanaojisahaulisha.

Kwetu wenye jamaa Unguja, panapouma ni safari. Mama hamtoi mtoto nje ya Omani bila idhini ya walii, ambaye aghalabu ni baba yule yule asiyesemezana naye. Idhini ya safari ya likizo ingefaa kuandikwa siku ya hukumu, kabla tiketi haijageuzwa silaha.