Kiwele Kikipata Moto, Usingoje Kesho

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Baraka, teritware ya Fizi)



Tulipogawa mbuzi wa maziwa, tuliwafundisha kujenga banda na kukata majani. Habari ya kiwele tuliipita mbio. Kosa hilo ni letu. Mama mmoja alituita siku ya tatu. Upande mmoja wa kiwele ulikuwa umeshakuwa mweusi na baridi. Mbuzi alipona, lakini upande ule hautoi tena maziwa. Mtoto wake alikosa cha kunyonya, akafa. Na mtoto huyo ndiye jirani alikuwa anangojea kwa zamu yake. Ugonjwa mmoja, hasara nyumba mbili.

Basi tusikilizane. Kila asubuhi, matone ya kwanza yakamulie kwenye kikombe cheusi. Ukiona vipande vipande, majimaji ao damu, ni ugonjwa. Kiwele kikiwa cha moto na kigumu, mbuzi anamfukuza mtoto asinyonye, ni ugonjwa pia. Ita veterineri siku ile ile.

Wakati unamungoja, kamua upande mgonjwa mara nyingi, umwage maziwa mbali na banda, ukande kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Lakini kikiwa cha baridi na rangi imegeuka, usipoteze hata saa moja: mbuzi anaweza kufa.

Dawa ya chuchu inaingizwa baada ya kukamua na kupangusa tundu kwa alkoli. Tumeona dozi ya mbuzi mmoja ikigawanywa kwa wawili. Hakupona hata mmoja. Siku alizosema veterineri zimalizike, hata kama uvimbe umeshuka.

Siku za dawa, na zile za kungoja baada yake, maziwa hayanywewi wala hayauzwi. Kuyachemsha hakuondoi dawa. Tunajua hiyo ndiyo pesa ya chumvi na sabuni. Kwa hiyo tunaomba wafadhili: mchango usiishie wote kwa kununua mbuzi wapya. Sehemu ibaki kwa dawa, na kwa nyumba inayomwaga maziwa.

Mengine ni ya kila siku: mikono ioshwe kwa sabuni, banda libaki kavu, mbuzi mgonjwa akamuliwe wa mwisho.

Mbuzi akipona kwako, mtoto wake atafika kwa jirani.