Kabla Mtu Hajashuka Shimoni, Tujue Atatokaje

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata)



Kisima kikipungua maji au karo la choo likijaa, humwita fundi, tukapatana bei, akashuka. Jambo moja huwa hatupatani: akizimia huko chini, atatolewaje?

Hewa ya shimoni si hewa ya uani. Hapa tulipo oksijeni ni karibu asilimia 21. Shimoni yaweza kupungua pasipo dalili. Ndani ya karo huzalika haidrojeni salfaidi, gesi inukayo kama yai viza. Ikizidi, pua hufa ganzi. Hivyo harufu kutoweka si ushahidi wa usalama. Kushusha mshumaa nako ni hatari, kwani gesi ya methani huweza kulipuka.

Hatari kubwa zaidi ni huruma isiyo na mpango. Mwaka 1986, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, ilitahadharisha kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu za namna hii walikuwa waliokwenda kuokoa. Ndugu humfuata ndugu, na msiba mmoja ukazaa mingine.

Kwa hiyo, kabla ya kazi, mwenye nyumba na fundi wakubaliane haya:

Kwanza, kama gari la maji taka laweza kunyonya karo, mtu asishuke.

Pili, shimo lipitishwe hewa safi, kisha hewa ipimwe kwa kifaa. Isipopimwa, kazi isianze.

Tatu, anayeshuka avae mkanda wa mwili wenye kamba imara, na juu pawe na kapi na watu wa kutosha kumvuta. Wajaribu kwanza kuvuta mzigo wa uzito wake.

Nne, mlinzi mmoja abaki mdomoni mwa shimo. Asiondoke, wala asishuke kwa sababu yoyote.

Tano, simu iwe tayari kupiga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na awepo wa kuelekeza njia.

Ndugu wananchi, gari la uokoaji laweza kutoka mbali, ilhali ubongo uliokosa oksijeni hudhurika kwa dakika chache. Kamba iliyofungwa mapema ndiyo mwokozi wa kwanza. Fundi akikataa kushuka bila kamba, tusimwite mwoga, wala tusimtafute mwingine wa bei nafuu.