Takwimu za Sensa Ziongoze Njia za Mabasi



Mwezi wa Agosti, 2022, Tanzania ilihesabu watu wake kwa mara ya sita tangu Muungano. Walimu wengi walikuwa miongoni mwa makarani waliopita nyumba hadi nyumba wakiwa na vishikwambi, na baada ya kazi hiyo vishikwambi vikaelekezwa kwa walimu kwa ajili ya kufundishia. Taifa likapata jibu lake: watu 61,741,120. Swali linalostahili kuulizwa ni kama hesabu hiyo, iliyogharimu fedha na jasho la umma, imekwisha kufika katika meza ambako njia za mabasi hupangwa.

Historia ya Dar es Salaam inatoa onyo la kutosha. Katika Sensa ya 1967 mkoa huo ulikuwa na watu 356,286. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, lilianza mwaka 1974. Na ilipofika Sensa ya 1978 watu walikwisha kuwa 843,090. Katika muda wa miaka kumi na moja tu idadi ilizidi maradufu. Mpangaji aliyeshika daftari la 1967 katika miaka ile alikuwa akiuhudumia mji ambao haukuwapo tena. Mabasi yalipoelemewa, watu binafsi waliingia barabarani na magari yao, na hatimaye, mwaka 1983, wakaruhusiwa rasmi. Ndipo daladala zikashika mji, zikifuata abiria walipo wengi na barabara ilipo nzuri.

Hali ya sasa yataka uangalifu huo huo. Kati ya 2012 na 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, ongezeko la asilimia 23. Lakini ongezeko hilo halikugawanyika sawa. Eneo la Kinondoni ya zamani, ambalo sasa ni Kinondoni na Ubungo, liliongezeka kwa kadiri ya asilimia 17. Temeke ya zamani, pamoja na Kigamboni, iliongezeka kwa kadiri ya asilimia 22. Ilala iliongezeka kwa asilimia 35, kutoka watu 1,220,611 hadi 1,649,912. Ilala hiyo ndiyo yenye Kariakoo na Upanga, na ndiyo hiyo hiyo yenye Pugu, Chanika na Msongola. Kwa hiyo hata tarakimu ya wilaya nzima haimtoshi mpangaji. Hana budi kushuka hadi kata na mtaa, maana sensa nayo hushuka hadi huko.

Tarakimu yenye fundisho kubwa zaidi iko nje ya mpaka. Katika muda huo huo Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, ongezeko la asilimia 84. Wapo wakazi wa Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo ambao kila alfajiri huelekea Dar es Salaam kutafuta riziki. Njia maalumu ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kazi Mei 2016 ilijengwa kutoka Kivukoni hadi Kimara, nayo imewafaa wengi. Hata hivyo, mpaka wa mkoa ni jambo la utawala. Msafiri anayeuvuka kila siku anahesabiwa upande mmoja na kuhitaji basi upande wa pili. Mikoa hiyo miwili ikipangiwa usafiri mbali mbali, huyo ndiye atakayesahauliwa.

Yafaa kuonyesha jinsi hesabu ya watu inavyogeuka kuwa hesabu ya mabasi. Chukua mfano wa kubuni: katika kata fulani watu 6,000 wanahitaji kuondoka katika saa mbili za asubuhi. Kwa mabasi ya abiria 60, hizo ni safari 100. Ikiwa kwenda na kurudi huchukua saa moja, mabasi 50 yatatosha. Msongamano ukiifanya safari hiyo kuwa ya saa mbili, yatahitajika mabasi 100 kwa watu wale wale. Asiyejua idadi ya watu hawezi hata kuianza hesabu hiyo.

Pamoja na hayo, sensa isitwishwe mzigo usio wake. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Haisemi vya kutosha aendako asubuhi. Nusu hiyo ya pili imo katika madaftari ya shule, katika orodha za wafanyakazi wa ofisi na viwanda, na katika hesabu ya abiria vituoni. Hapa ndipo mwalimu na mtumishi wa umma wanapohusika. Mwalimu mkuu anayejua wanafunzi wake wangapi hutoka mtaa gani ana habari ambayo mpangaji anaihitaji. Mtoto anayeachwa kituoni na kufika darasani somo la pili limeanza ni takwimu iliyokosa mtu wa kuipeleka panapohusika. Zinazotakiwa ni jumla tu. Majina hayahitajiki, na Sheria ya Takwimu inalinda siri ya kila aliyehesabiwa.

Hapana budi basi mambo matatu yafanyike. Kwanza, kabla leseni ya njia haijatolewa, mamlaka zinazohusika zitazame idadi ya wakazi wa kila kata inayopitiwa, umri wao, na wangapi kati yao ni wenye ulemavu. Pili, halmashauri za Dar es Salaam na Pwani zikae meza moja. Tatu, makisio ya kila mwaka yatumike, kwa sababu nchi inayokua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka haiwezi kungoja muongo mzima ndipo isahihishe ratiba zake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la watu lipo, tena limeandikwa kwa bidii. Wananchi walifungua milango wakahesabiwa. Wana haki ya kuona hesabu hiyo ikiwafikia kituoni, kwa sura ya basi lililo na nafasi.