Karatasi Zetu za Nyumbani



Sisi watu wa reli hatuachi gari la mizigo litoke steshoni pasipo karatasi zake. Lakini nyumbani karatasi zetu twazitia chini ya godoro.

Mwenzetu mmoja, alipokaribia kustaafu, aliona miezi 14 ya akiba yake ya NSSF haimo. Mwajiri wake wa zamani alimkata wala hakupeleka. Hati za mshahara zilikuwa zikija kwa simu, na simu iliibiwa ndani ya matatu. Kumbe mkewe alikuwa akizichapisha saiba kila mwezi na kuzitia katika mkebe wa biskuti! Nasi tulikuwa tukimcheka mama yule.

Sheria ya Kazi ya 2007 yamlazimu mwajiri kutupa hati yenye kuonyesha kila makato. Kuitunza ni juu yetu. Basi tuichapishe, na nakala tuiweke katika barua-pepe, si katika simu peke yake. Vyeti vya watoto navyo tuvipige picha. Neno la siri mume na mke walijue wote wawili.

Aliye na miezi iliyopotea alete hati zake kwa katibu wa tawi.