Anza na Tangi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nilipopata barua ya kuombwa nizungumze, nilidhani imepotea njia. Katika ukumbi huu nilipata kusimamishwa mbele ya watu mara moja tu, na sababu yake ilikuwa kupiga kengele ya chakula nusu saa kabla ya wakati. Leo nimesimamishwa kwa wema, nami nitajitahidi nisiuharibu.

Sikuja na mawaidha ya uzeeni. Nimekuja kueleza juu ya gari moja, njia ya petroli ndani ya gari hilo, na kosa nililolifanya mimi kwa kutoifuata njia hiyo. Gari lenyewe liko pale nje chini ya mwarobaini. Naona baadhi yenu mmekwisha kuliachia alama za vidole.

Ni Datsun 240Z. Lilitambulishwa mwishoni mwa mwaka 1969, lina viti viwili, boneti ndefu, na injini ya silinda 6 yenye ukubwa wa lita 2.4. Wazee wenzangu hawahitaji kuelezwa. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walizishinda kwa gari la namna hii. Shekhar Mehta na Mike Doughty wakawa wa pili, nao pia katika 240Z. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuja kushinda mwenyewe, Lofty Drews akiwa pembeni yake. Ushindi huo ulikuwa wa shida, maana yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine, walimaliza wakiwa na pointi sawasawa, ikabidi sheria ya kuvunja sare iamue. Mehta aliendelea kuzishinda mbio hizo tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 mpaka 1982.

Habari za mwaka 1973 tulizisikia kwa redio ya kiranja wa bweni letu. Mwenzetu mmoja, ambaye kitanda chake kilikuwa karibu na changu, alisema usiku ule kwamba siku moja atakuwa na gari kama lile. Tulimcheka, kwani hata viatu alivyovaa vilikuwa vya kaka yake. Lakini alilipata. Alilitunza miaka mingi pale Mombasa, na alipofariki likabaki chini ya banda, karibu na bahari, kwa miaka 11. Mwaka 2010 mjane wake aliniita akaniambia, "Shemeji, lichukue wewe. Ninalokuomba ni moja tu: usilichinje." Nyote mnajua maana ya kuchinja gari. Ni kulivunja na kuliuza kipande kipande. Nilimpa ahadi.

Sasa vijana, nisikilizeni, hasa wale wa somo la fizikia. Petroli ya gari hili hukaa katika tangi lililo nyuma, chini ya sakafu, linaloingia lita 60 hivi. Hutoka humo kwa bomba la chuma, hupita kwenye chujio, kisha huvutwa na pampu iliyofungwa ubavuni mwa kichwa cha injini. Pampu hiyo haitumii umeme. Ina mkono unaosukumwa na kamshafti, na ndani yake mna kiwambo kinachopanda na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua. Kutoka pampuni petroli huenda kwenye kabureta mbili, kila moja ikilisha silinda tatu, na inayozidi hurudi tangini kwa bomba lake.

Kabureta zenyewe ni za Hitachi, zilizofuata mtindo wa SU ya Uingereza. Juu ya kila moja pana kuba, na ndani ya kuba mna pistoni. Injini ikivuta hewa zaidi, pistoni hupanda. Chini ya pistoni pana sindano iliyochongoka, iliyoingia katika jeti. Pistoni ikipanda, sindano nayo hutoka kidogo, na petroli hupita nyingi zaidi. Ikishuka, petroli hupungua. Ubavuni mna bakuli lenye boya, linalofunga petroli bakuli likijaa, kama lile boya la tangi la choo. Hakuna ajabu nyingine humo. Mtu mwenye subira na kitambaa safi anaweza kuelewa yote kwa siku moja.

Mimi sikuwa na subira. Mwaka 2012, baada ya kulifufua gari na kulipaka rangi, lilianza kunisumbua barabarani. Lilikwenda vizuri kwa robo saa, kisha likaanza kumisi, likakosa nguvu, likazima. Nikilipumzisha dakika kumi, linawaka kama kwamba halikuwa na neno. Baada ya robo saa jingine, yale yale.

Nikasema: kabureta zimekufa. Mtu mmoja aliniambia kwamba SU ni SU, spea zote zinaingiliana. Nikaagiza vifaa vya SU kutoka Uingereza, nikalipa na ushuru, nikangoja wiki sita. Vilipofika, gaskiti hazikulingana na matundu, na sindano zilikuwa za kipimo kingine. Zimo bado katika kopo nyumbani. Kila nikiliona kopo hilo hukumbuka ada ya muhula mzima.

Hapo hasira ilikuwa imenipanda. Isitoshe, niligundua kwamba petroli inapungua hata gari likiwa limelala. Nilikuwa na kijana mwanagenzi niliyemwajiri kunisaidia, mtoto wa mjane mmoja wa Likoni, mtulivu, mwenye mikono mizuri. Nilijumlisha moja na moja nikapata tano. Nikasema kijana huyu ananyonya petroli usiku na kufidia kwa mafuta ya taa, na ndiyo maana gari linamisi. Sikumwuliza. Nilimwita mbele ya watu, nikamwita mwizi, nikamfukuza. Hakunijibu. Alifuta spana zangu, akazipanga katika sanduku kwa ukubwa wake kama nilivyomfundisha, akaenda zake kwenye feri.

Gari likaendelea kumisi.

Wiki mbili baadaye, kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kumlaumu, nililala chini ya gari mwenyewe nikaanza mwanzo. Nilimwaga petroli yote katika dumu kwa kuipitisha kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kiligeuka rangi ya udongo wa Voi. Tangi lilikuwa limejaa magamba ya kutu. Miaka 11 karibu na bahari, tangi likiwa nusu tupu, hewa yenye unyevu ilikuwa imefanya kazi yake juu ya chuma. Nilipokuwa naendesha, magamba yalivutwa yakaziba mdomo wa bomba la kunyonyea. Gari likizima, mvuto unakwisha, magamba yanaanguka chini, na petroli inapita tena. Robo saa ile na dakika kumi zile zote zilikuwa zikinieleza habari hiyo, mimi nikaziba masikio.

Na petroli iliyokuwa ikipungua? Juu ya tangi ipo mipira ya kupumulia, na chini yake upo mpira unaounganisha tangi na bomba. Mpira wa chini ulikuwa umepasuka mahali pasipoonekana, chini ya klipu. Ulikuwa ukitoa jasho polepole, na petroli ikikauka kabla ya kufika sakafuni. Hakuna aliyeiba hata kijiko.

Ndugu zangu, nilikaa pale chini kwa muda. Kisha nikavaa shati safi nikavuka feri.

Mama yake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Akanipa kiti, akanipa maji. Nilipomaliza kusema, alinyamaza, kisha akasema, "Baba, ungemwuliza tu." Hayo tu. Kijana alipokuja nilimwomba radhi mbele ya mama yake, na siku ya pili nikamwomba mbele ya wale wale niliomwitia mwizi mbele yao. Alinisamehe. Lakini kurudi kazini kwangu alikataa, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo ninayotaka kuwaachia leo ni machache, na yote nimeyalipia.

Kwanza, anza na tangi. Gari likikosa petroli, fuata njia kutoka inakotoka mpaka inakokwenda: tangi, mpira, bomba, chujio, pampu, boya, jeti. Usiruke hatua hata moja kwa kuwa hatua ya mwisho ndiyo inayong'aa. Kabureta huonekana, kwa hiyo hulaumiwa. Tangi limejificha, kwa hiyo husalimika.

Pili, usinunue spea kwa jina. Nunua kwa kipimo na namba. Pima mpira kwa ndani, kwa milimita, wala si kwa macho. Soma namba iliyopigwa kwenye sindano na kwenye mwili wa kabureta, uiandike. Magari mengi ya aina hii yaliuzwa Marekani, na huko gaskiti, vali za boya na viwambo vya pampu bado vinatengenezwa. Lakini muuzaji wa mbali atakuletea kile ulichokiandika, hata kama umeandika upuuzi. Tena, usitupe kipuri cha zamani mpaka kipya kimefanya kazi. Cha zamani ndicho kielelezo chako. Pistoni na kuba yake vilichongwa vikalingana. Usibadilishane vya kabureta hii na vya ile.

Tatu, petroli ya leo siyo ya mwaka 1971. Risasi imekwisha kuondolewa, na katika nchi nyingi wanachanganya ethanoli. Uingereza, tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida yaweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10. Mpira wa zamani haukutengenezwa kwa ajili hiyo. Huvimba, hulainika, na hubanduka kwa ndani hali nje unaonekana mzima. Ethanoli nayo huvuta maji, na maji huleta kutu. Ukinunua mpira au kiwambo, uliza kama kinahimili ethanoli. Na gari la kulazwa muda mrefu, usiliache na tangi nusu.

Nne, na hili nawaambia kwa ukali. Katika injini hii kabureta ziko upande mmoja na bomba la moshi, juu yake hasa. Limewekwa bati la kuzuia joto katikati. Msiliondoe hata kama linawazuia kufikia skrubu. Chini ya kabureta mna vipira vyembamba vinavyopeleka petroli kwenye jeti. Kimoja kikipasuka, petroli hudondokea chuma cha moto. Kwa hiyo vibadilisheni kabla havijapasuka. Fanyeni kazi mahali pa wazi, mkifungua betri kwanza, na chombo cha kuzimia moto kiwe karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama nyoka mpaka ukutane na jiko la jirani. Na asiwepo mtu wa kuvuta petroli kwa mdomo. Ikiingia kifuani, siyo mchezo.

La tano si la gari. Siku moja nanyi mtakuwa na watu chini yenu: wanagenzi, makarani, madereva, watoto. Kitu kitaharibika, na mtu mdogo kuliko wote ndiye atakayeonekana kwanza, kama kabureta. Kabla ya kumtaja, lala chini mwenyewe utazame tangi. Kisha mwulize. Kuuliza hakuna gharama, hakuna ushuru, wala hakungoji wiki sita.

Nimalize kwa habari njema. Yule kijana leo ana gereji yake huko Likoni, na ana wanagenzi watatu. Mara moja kila mwaka analipitia gari hili kuanzia tangi, na hunitoza bei kamili bila kunipunguzia hata shilingi. Nalipa kwa furaha. Ahadi yangu kwa shemeji imekaa mpaka leo kwa sababu ya mikono yake. Amekubali kuja nami leo, na ndiye yule aliyesimama pale mlangoni akiona haya. Baada ya chakula atafungua boneti, na vijana wa kidato cha pili na cha tatu mnaweza kumwuliza lolote. Nawaombeni mumwamkie vizuri, maana yeye ni fundi, na mimi ni mwenye gari tu.

Bwana Mwenyekiti, kengele ya chakula naona imekaribia. Safari hii sikuigusa mimi.