Mtoto wa Mbwa Hukua, Kola Haikui

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi wa Karagita, Naivasha)



Huenda kuna anayejiuliza kaunti inahusika vipi na shingo ya mbwa. Jibu liko katika Katiba ya mwaka 2010. Jedwali la Nne limezipa kaunti kazi ya kudhibiti na kutunza wanyama, na leseni za mbwa zimetajwa humo waziwazi. Kwa hivyo jambo hili ni letu, kama vile taka na barabara za mtaani.

Hapa Karagita wengi tunaishi kwenye ploti za kupanga: geti moja, vyumba vingi, watoto wanacheza uani. Mwenye mbwa huondoka alfajiri kwenda shamba la maua na kurudi jioni. Mbwa hawezi kuachwa azurure, basi hufungwa. Siku hizi wengi wanapenda mbwa wadogo, wale weupe wenye manyoya mengi, Japanese Spitz na machotara wao. Mtoto wa mbwa akifika nyumbani hufungwa kamba ya manila au kipande cha waya shingoni, na kazi huonekana imekwisha.

Hapo ndipo shida huanza. Mbwa wa aina ndogo huendelea kukua hadi anapokaribia mwaka mmoja, lakini kamba haikui. Manyoya huificha, nayo huingia kwenye ngozi polepole. Wakati mwingine mwenyewe hugundua kwa harufu ya usaha. Kidonda kama hicho kinahitaji daktari wa mifugo. Kumbukeni pia kwamba kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Basi tufanyeje?

Kwanza, kola. Chagua ya nailoni, nyepesi, nyembamba, inayoweza kulegezwa. Pima shingo kwa uzi, kisha weka uzi kwenye rula. Nunua kola inayomtosha leo na yenye nafasi ya kulegeza baadaye. Akishaivaa, vidole viwili vipite chini yake bila kusukuma. Kwa mbwa mdogo sana, kimoja kinatosha. Vikikataa, imebana.

Sare ya shule tunanunua kubwa ili mtoto aikulie. Kola usinunue hivyo. Ikilegea sana, mbwa hunasa taya au mguu, au hurudi nyuma, kichwa kikatoka, akakimbilia South Lake Road kati ya matatu na boda boda.

Pili, mkanda wa kifuani. Huu ndio wa kutembea naye. Koo la mbwa mdogo ni laini, na akivutwa shingoni mara kwa mara anaweza kuanza kukohoa na kupumua kwa shida. Mkanda wa kifuani huhamisha mvuto kutoka kooni hadi kifuani. Pima kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha tumia kipimo kilekile cha vidole. Angalia kwapani kama unachubua. Mvue mkirudi, kwa maana akibaki nao peke yake atautafuna au utamnasa.

Kama pesa ni shida, usirudi kwenye waya. Mkanda wa begi kuukuu la shule ni mpana, laini, na una kifungo cha kusogeza. Fundi wa viatu anaweza kuukata na kuushona ukawa kola nzuri.

Tatu, ukaguzi. Chagua siku moja ya wiki, labda siku yako ya mapumziko. Panua manyoya, zungusha vidole shingoni kote, kisha legeza inapohitajika. Andika nambari yako ya simu ndani ya kola kwa kalamu isiyofutika.

Faida haiishii kwa mbwa. Mbwa aliyezoea kuvishwa hushikika, na anayeshikika huchanjwa. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona. Kenya imelenga kumaliza vifo hivyo kufikia mwaka 2030. Mpeleke mbwa wako achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ulizeni ofisi ya mifugo Naivasha kuhusu siku za chanjo. Mtu akiumwa, oshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na anajulikana.

Leo mkifika nyumbani, kabla ya kumwekea mbwa chakula, pitisheni vidole chini ya kola yake. Visipopita, ilegezeni papo hapo.