Marejeo Yasiyohesabika: Somo kutoka Mulago



Mtafiti wa tiba akiomba kupandishwa cheo, huulizwa mambo mawili kabla ya mengine yote: amechapisha makala ngapi, na zimerejelewa mara ngapi? Jioni hii nataka kuyapima maswali hayo kwa kazi iliyofanyika hapa kwetu Afrika Mashariki, ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alitupa jicho dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ileile. Akaanza kufukua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha makala katika British Journal of Surgery. Ilipita kimya. Watafiti wa saratani hawakuwa wasomaji wa jarida la wapasuaji, na taya za watoto wa Uganda hazikuwa habari kwao.

Kipimo cha athari cha jarida, kilichotokana na kazi ya Eugene Garfield, huhesabu marejeo yanayopatikana mwaka huu kwa makala za miaka 2 iliyopita. Kingekuwepo wakati ule, makala ya Burkitt ingehesabiwa mwaka 1959 na 1960, kisha ikafungiwa mlango. Na yote yaliyoipa uzito yalianza mwaka 1961!

Machi mwaka huo Burkitt alitoa mhadhara London, katika Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, aliyeondoka akiamini kwamba uvimbe huu huenda unasababishwa na kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza katika The Lancet kirusi walichokiona kwa darubini ya elektroni, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Chanzo cha hayo ni mhadhara ukumbini, na mhadhara hauingii katika faharasa ya marejeo.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1961, Burkitt na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu wakaenda kusini, hospitali hadi hospitali, safari ya maili zipatazo 10,000. Walibeba picha za wagonjwa na swali moja: mmewahi kuuona uvimbe huu? Majibu yalichora ramani. Ugonjwa ulipungua kwenye nyanda za juu zenye baridi na sehemu kame, na ramani hiyo ikalandana sana na ya malaria. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu tukufu kuliko zote. Waliojibu walikuwa madaktari na wauguzi wa hospitali za mbali, na huenda wengi wao hawakuandika makala hata moja maishani. Bila wao pasingekuwa na ramani.

Baadaye huenda jina lenyewe lilimpunguzia marejeo. Ugonjwa ulipoitwa limfoma ya Burkitt, mwandishi angeweza kuacha kuitaja makala ya 1958, jina lilitosha. Kazi ikikubalika mno, marejeo yake yanaweza kukosa kuandikwa. Kwa upande mwingine, makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 kuhusu chanjo na usonji, ambayo The Lancet iliifuta mwaka 2010, imerejelewa mara nyingi mno, na wengi walioirejelea walikuwa wakiikanusha. Mashine ya kuhesabu haitofautishi anayekanusha na anayekubali. Kipimo cha h, alichokibuni Jorge Hirsch mwaka 2005, nacho kina upofu wake: ni idadi ya makala za mtafiti zilizorejelewa angalau mara idadi hiyohiyo, kwa hiyo mwenye makala 3 tu, hata zikiubadilisha ulimwengu wa tiba, hawezi kupata zaidi ya 3.

Sisemi hesabu zitupwe. Zinamlinda kijana asiye na mjomba kwenye kamati, na hilo si jambo dogo. Ninachodai ni kwamba kamati isome. Mwombaji aambatishe makala zake 3 alizozichagua mwenyewe, aeleze kila moja ilibadilisha nini wodini, maabara au katika mwongozo wa matibabu, na wajumbe wawili wazisome hadi mwisho kabla hawajaonyeshwa tarakimu yoyote.

Dai langu la pili linahusu watunza kumbukumbu. Kampala ina rejista ya saratani tangu mwaka 1951. Kizazi baada ya kizazi, watafiti wameitumia kujua ni saratani zipi zinaongezeka na zipi zinapungua. Anayekaa na faili hizo, akahakiki umri, kijiji na majibu ya maabara ya kila mgonjwa, huishia kushukuriwa katika mstari mmoja mwishoni mwa makala, kama atakumbukwa. Fomu zetu za kupandishwa cheo hazina hata kisanduku cha kuijaza kazi yake. Naomba Baraza la Chuo likiongeze mwaka huu.